Kofi la Kumi na Mbili

Kabla ya mchezo ilikuwa lazima wote tuingie gizani. Sisi wenye macho tulifungwa vitambaa vya mitumba, vilivyokuwa bado vinanuka robota. Wasioona hawakufungwa, na walitucheka tulivyokuwa tunapapasa. Halafu tulipangwa mstari mmoja kando ya ukuta wa ghala la zamani la kahawa, kule Lemara, na yule mzee aliyetuchezesha akasema kwa ile sauti yake ya kazini, "Namba, tafadhali."

Hapo kila mtu alipiga kofi moja, kwa zamu, kutoka kushoto. Kiziwi wetu alipigwa begani na jirani yake ajue zamu imefika. Tulikuwa kumi na mmoja. Nasema kumi na mmoja kwa sababu nilituhesabu mwenyewe kabla ya kufungwa. Kofi la kumi na moja lilipigwa, likaisha. Kikawa kimya cha mtu kumeza mate mara moja. Kisha, kutoka upande ambao hakukuwa na mtu, likaja jingine, dogo, kama mama anapukuta unga mikononi.

"Kumi na wawili," akasema. "Laini iko wazi. Tuanze."

Siku hiyo nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nywele zilinisimama kichwani.

Tulimwita Opereta. Alizaliwa wapi na ukoo gani, sijui, na sitajifanya najua. Mimi nimeishia darasa la saba, ninachoandika hapa ni nilichokisikia na kukigusa. Alikuwa haoni kabisa. Kwa miaka mingi alikaa kwenye swichibodi ya kiwanda kimoja cha serikali, akiunganisha simu kwa vidole. Mtu akipiga, kifuniko kidogo cha bati kinadondoka kwenye ubao, naye anakipapasa na kujua ni chumba gani. Kiwanda kikauzwa kwa mwekezaji, ikaletwa mashine inayounganisha simu yenyewe, Opereta akarudishwa nyumbani. Aliondoka na zile redio za masikioni alizokuwa akivaa kazini. Alizivaa shingoni kila siku, waya wake ukining'inia mbele ya tumbo bila kushikana na kitu.

Wakati mwingine, katikati ya mazungumzo, alizipandisha masikioni, akainamisha kichwa, akasikiliza. Ukimuuliza anasikiliza nini anasema, "Ngoja, kuna mtu." Watoto wadogo walikimbia.

Ule mchezo aliuanzisha mwenyewe, na hakuna aliyemwomba. Mpira ulikuwa wa matambara, ndani una kopo lenye vizibo vya soda, ukiviringika unalia. Aliwataka wote: wasioona, wenye magongo, kiziwi wetu, na sisi wengine tusio na kasoro ya kuonekana. Mtu mmoja alimwambia angefungua duka na hicho kiinua mgongo chake badala ya kuchezesha watoto bure juani. Akajibu kuwa yeye amezoea kuunganisha watu, na duka halina waya.

Majina hakuyataka. Alisema majina yanafanana, lakini namba ni ya mtu mmoja. Mimi nilikuwa Namba Nne. Mpaka leo nikiitwa Upendo na mtu mzima mwenye sauti nzito, nachelewa kuitika.

Nisiseme alikuwa malaika. Alichukia kushikwa mkono bila kuombwa, na mtoto aliyemshika kumvusha mtaro alitolewa mchezoni juma zima. Lakini kwa mama wa chai alijua kugongesha fimbo yake kwenye mguu wa benchi taratibu, kinyonge, mpaka aongezewe kikombe cha pili na sukari ya vijiko vinne. Tulimtania kuwa mbele ya chai anakuwa kipofu mara mbili. Alicheka mpaka waya ukatikisika. Gizani hakuwa na hofu, ila kuku akipita karibu na miguu yake aliruka kama msichana. Na alikuwa mwongo kidogo. Ukikosea alikwambia, "Nimekuona." Sisi wote tulijua hawezi kutuona, na sisi wote tuliacha kosa.

Kuhusu kofi lile la ziada, watu walikuwa na maneno yao. Wengine walisema ni mwangwi wa ukuta wa ghala. Opereta alikataa. Mwangwi, alituambia, una haraka, haungoji zamu. Na mwangwi hurudisha kofi la mtu aliyesimama, wakati huyu anapiga makofi ya mtu aliyekaa. Alipotamka hivyo wasichana wawili walianza kulia chini ya vitambaa vyao. Jirani wa ghala akakumbusha kuwa zamani kibarua mmoja aliangukiwa na magunia mle ndani. Basi ikawa hivyo: uwanja wetu una mzimu, na mzimu unapenda mpira.

Ni mimi peke yangu niliyejua, na sikusema.

Tulikaa chumba cha mwisho katika nyumba ya kupanga iliyopakana na uwanja. Dirisha letu la nyuma lilikuwa la mbao, nalo halikufunguliwa kamwe. Nyuma ya dirisha hilo alikuwepo kaka yangu Elibariki. Miguu yake haikupata nguvu tangu azaliwe, na maneno yalimkwama mdomoni, yakitoka nusu. Kule kijijini mama aliambiwa mengi kuhusu mtoto huyo, mpaka akatubeba akaja mjini. Mwenye nyumba alipomuuliza ana watoto wangapi, mama alisema mmoja. Kwa hiyo mtaa mzima walimwita Mama Upendo, ingawa mimi ndiye mdogo. Asubuhi mama akienda sokoni na ndizi zake alifunga mlango na kufuli, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukisema, tunalala barabarani."

Elibariki alipotaka maji, alipiga kofi moja. Alipotaka kugeuzwa, moja. Kofi lake nililijua kuliko sauti ya mama. Nililisikia pale uwanjani nikiwa nimefungwa kitambaa, na nilivyoogopa havielezeki, kwa sababu mzimu naujua, mzimu nimemlisha uji asubuhi.

Lakini hata hofu ina utamu wake. Siku za mchezo nikirudi nyumbani nilimkuta anatabasamu, viganja vimemwiva. Nilikuwa napenda sana kuota kuwa mtangazaji. Ndio wakati ule redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza kusikika, na kila mwenye mdomo alidhani ataajiriwa. Basi nilimtangazia mechi nzima kwa kijiko. Alipiga kofi penye goli.

Sasa niseme kwa nini Opereta hakucheka mambo ya mzimu, wala hakuogopa. Alitusimulia mara moja tu, mwezi wa saba, siku ambayo ukungu ulishuka kutoka Meru mpaka tukashindwa kuona goli la pili. Alisema kwenye swichibodi yake kulikuwa na kifuniko cha chumba ambacho hakikuwa na simu tena. Kilidondoka kila siku jioni kabla ya kutoka kazini. Alipounganisha hakukuwa na sauti, ila ile pumzi ya laini iliyo wazi. Alizoea kusema, "Namba, tafadhali," akangoja kidogo, akarudisha kifuniko. Mafundi walimcheka. Wakamwambia ni unyevu kwenye waya. Siku moja bosi alikuwa amesimama nyuma yake, Opereta akaona haya, akachomoa ile laini.

"Haikudondoka tena," alisema. "Na mpaka leo sijui nilimkata nani."

Tulisikia vizibo vikitikisika kwenye mpira aliokuwa ameupakata, na upepo haukuwepo.

Miezi ikapita, kofi likawa linakuja kila mchezo, na wazazi wakaanza kuwazuia watoto wao. Ndipo mama mwenye nyumba alipoamua kuumaliza ule mzimu. Alikuwa mwanamke wa maombi, mwenye mwili na sauti. Jumamosi moja kabla ya mchezo alikuja na wenzake sita, wakamwaga chumvi pembe zote za uwanja, wakaimba. Wakauliza kofi linatokea wapi. Watoto wakanyoosha vidole. Basi wakageukia huko wote, mikono juu, mama mwenye nyumba mbele yao, hatua kumi kutoka dirisha letu, akapaza sauti.

"Toka! Hapa huna nafasi! Toka, usirudi tena!"

Nusu saa nzima. Nilisimama pale na kitambaa changu mkononi. Nilijua yuko ndani peke yake na mlango una kufuli. Nilijua anasikia kila neno. Mdomo wangu, ule niliotaka kuutumia kutangazia nchi, haukufunguka.

Tukafungwa vitambaa. "Namba, tafadhali." Makofi kumi na moja. Kimya. Tukangoja. Kimya kikaendelea mpaka nikasikia kunguru juu ya bati la ghala akikwaruza kwa makucha. Watu walioangalia wakashangilia, wakampa mama mwenye nyumba mkono.

Opereta hakuanzisha mchezo. Alivaa zile redio zake, akasikiliza muda mrefu, akazishusha. "Nani amekata?" akauliza. Wakamwambia wamekomboa uwanja. Akakaa chini palepale, na mpira akaukalia.

Nyumbani Elibariki alikuwa amegeukia ukutani. Hakupiga kofi la maji. Hakupiga la uji. Nilimtangazia mechi ambayo haikuchezwa, akafumba macho. Siku ya tatu mama alianza kusema naye kwa Kimeru, lugha ambayo hakuwa ameitumia tangu tuhame, akimwita kama mtoto mchanga. Hakuitika. Alikuwa anakunywa kijiko kimoja, viwili, basi. Nikaona vile viganja vilivyokuwa vimeiva vinakuwa vyeupe.

Jumamosi iliyofuata Opereta alikuja mapema, akaniomba nimshike mkono. Yeye mwenyewe aliomba. Tukapita nyumba zote zilizopakana na uwanja, mlango kwa mlango, ukuta kwa ukuta. Kila tulipofika alipiga kofi moja, akainamisha kichwa, akangoja. Watu walichungulia. Mmoja akasema mzee kachanganyikiwa tangu afukuzwe kazi. Yeye alisogea hatua tatu, akapiga tena. Ukungu ulikuwa mzito, kofi linamezwa kama jiwe ndani ya matope.

Tukafika dirisha la mbao. Akapiga. Hakuna kitu. Akapiga la pili, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwingine. Hakuna. Akaanza kugeuka aondoke, na mkono wake ukaniachia.

"Mzee," nikasema. "Namba Kumi na Mbili ni kaka yangu."

Hakushtuka. Alisimama tu, uso ameuelekeza dirishani. Akauliza anaitwa nani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anataka jina. Nikamwambia.

Kando ya ua kulikuwa na masale, yale majani marefu yanayopandwa mipakani. Sisi watu wa mlimani tunajua: mtu akikujia na jani la isale anaomba msamaha, na hata kama amekuchomea nyumba huwezi kumfukuza. Opereta aliyapapasa, akachuma moja, akalifunga fundo. Mama alikuwa amerudi kutoka sokoni. Tukazunguka mpaka mlangoni.

"Hodi," akaita. "Hodi kwa Mama Elibariki."

Ndani kitu kilianguka, nadhani sufuria. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo mjini. Mama alitokea mlangoni, kanga begani, akaniangalia mimi kwanza. Nilijua nimetuuza. Kisha akaliona lile jani.

"Baba, unaniomba msamaha wa nini?" akauliza. "Wewe hukupiga kelele."

"Uwanja ni wangu," Opereta akamjibu. "Mtu wangu ametukanwa kwenye laini yangu, na mimi nilikaa kimya. Naomba nimwambie mwenyewe."

Mama alilishika isale kwa mikono miwili. Hakulia. Alisogea pembeni, mlango ukabaki wazi, na mwanga ukaingia mpaka kwenye kitanda.

Opereta alipiga magoti, akapapasa mpaka akakipata kiganja cha kaka yangu. Alipiga kofi moja juu ya kiganja kile, taratibu, akauacha mkono wake hapo, umefunguka. Tulingoja. Nilihesabu pumzi zangu nikapoteza hesabu. Kisha Elibariki akainua mkono wake mwingine, ukitetemeka njia nzima, akaushusha juu ya ule wa mzee. Pa.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama uani na ufagio. Aliangalia ndani, akamwangalia mama, akaangalia tena ndani. "Huyu ndiye niliyemwambia toka?" akauliza. Akaondoka na ufagio wake, nasi tukaanza kufunga vyombo. Asubuhi yake alirudi na kiti chenye mikono, kutoka sebuleni kwake, akakiweka mlangoni bila salamu.

Kwenye kiti hicho Elibariki alikuwa kipa wetu, na baadaye, alipochoka kurukiwa na mpira, akawa mwamuzi. Na mama yangu hakuitwa tena Mama Upendo. Nisiwe mnafiki, mwanzoni niliona wivu.

Jambo moja sijalielewa mpaka leo. Mwaka uliofuata Elibariki alilazwa hospitali siku nane, mama akiwa naye, chumba kimefungwa. Jumamosi tulifungwa vitambaa. Tulipiga makofi yetu, yakaisha. Kikapita kimya. Kisha likaja jingine, dogo, kutoka upande wa ghala. Opereta akalihesabu. Baada ya mchezo nilimuuliza ni nani sasa. Akasema hajui, ila hatamkata.

Alihamia Kikwe kwa dada yake, miguu ilipoanza kumsumbua, na uwanja wa Lemara akamwachia Elibariki. Tukapotezana. Nikakua, nikaanza kuuza mitumba, nikapeleka barua mbili redioni ambazo hazikujibiwa. Ya tatu naiandika. Mwaka jana mwezi wa saba Elibariki alinikabidhi mpira mpya alioushona mwenyewe, vizibo ndani, akaniambia kwa yale maneno yake ya nusu nimpelekee mzee. Nilishuka Maji ya Chai, nikakata kushoto na kulia mashambani nikiuliza njia. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba, na kila niliyemuuliza alijua: yule mzee wa waya.

Nilimkuta kwenye kigoda kando ya kiwanja kidogo. Alikuwa amezeeka sana. Waya ulikuwa bado upo. Nikasema shikamoo. Hakugeuka. Nikasema tena, karibu, kisha kwa sauti kubwa. Ndipo nilipoelewa. Masikio yalikuwa yanamwacha.

Nikakichukua kiganja chake, nikapiga kofi juu yake. Uso ukamfunguka.

"Namba Nne," akasema. "Nimekuona."

Alisema kwa sauti kubwa mno, kama wasiosikia wanavyosema. Aliniambia bado anachezesha watoto wa pale, ila ni mwezi wa tatu sasa hasikii mstari mpaka mwisho. Anasikia makofi matano, sita, basi, yanazama. Kila siku analala na wasiwasi kuwa kuna mtu anapiga na yeye anafunga hesabu. "Nimemkata mmoja maishani," akasema. "Sitaki kufa nimekata wawili. Nihesabie wewe. Lakini funga macho, macho yatakudanganya."

Watoto walikuwa wameshajipanga. Nilihesabu kwa macho: tisa. Nikajifunga kitambaa. Giza lile lilikuwa na harufu ileile. Opereta alishika mkono wangu, akapaza sauti, "Namba, tafadhali."

Nilimgonga kiganjani kila kofi lilipolia. Moja. Mbili. Mpaka tisa. Vidole vyake vilikaza, vikangoja. Hakuna ndege aliyelia, hakuna jani la mgomba lililotikisika. Nikameza mate mara moja.

Mbali, chini kidogo ya mahali watu husimama, kofi moja dogo.

Nilikaa na mkono wake hewani. Ningeweza kusema tisa. Mchezo ungeanza, mzee angelala. Nikamgonga la kumi.

"Umeona tisa," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa, paji likigusa bega lake, ajue ni ndiyo.

"Basi nenda. Mimi nashika laini."

Nilifungua kitambaa, nikaingia kwenye migomba. Ukungu ulinifunga nyuma yangu baada ya hatua chache, sauti za watoto zikapotea. Nilikuta nyumba ya mbao, mlango una kufuli kwa nje, dirisha limezibwa kwa bati. Uani hakukuwa na mtu wala kuku. Kwa namna lile bati lilivyoshika kutu ungesema halijafunguliwa miaka. Niliwaza ghala, na zile siku nane za hospitali, na yule ambaye Opereta hajamjua mpaka leo. Miguu iliniambia turudi.

Nilitaka kubisha hodi, lakini sikujua mwenye mlango ule ni mama wa nani. Kando ya dirisha lilikuwapo isale moja, changa. Nikalichuma, nikalifunga fundo. Kisha nikapiga kofi moja, nikainamisha kichwa, nikangoja kama nilivyofundishwa.

Ndani, mtu aliyekaa akajibu.